Upande wa Pili wa Kaseti

Alijua nyumba yetu bila kuuliza. Hilo ndilo lililoniuma kwanza, hata kabla sijauona uso wake vizuri.

Nilikuwa zizini nikimnywesha maji mtamba wa posa nilipomwona akishuka kwenye trela la trekta pale njia panda. Alivaa gauni la rangi ya maziwa na viatu visivyofaa kwa tope la Gehandu. Mgeni anayekuja kwetu mara ya kwanza husimama kwa jirani akaulizia. Yeye hakusimama. Alifuata uzio wa minyaa, akalikwepa lile jiwe la mlangoni ambalo kila mtu hujikwaa juu yake, akasimama mbele ya mlango wetu wa buluu. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyewahi kulicheka jiwe lile, na mtu huyo alikuwa amelala hospitali huko Kanada.

"Wewe ndiye Kornelia," alisema. Hakuwa anauliza.

"Ndiye."

"Mimi ni Getruda, nesi. Nimetoka kwa Felician."

Alilitaja jina lile kirahisi, kama mtu anayelitaja kila asubuhi. Nikamtazama mikono. Kucha zake zilikuwa fupi na safi, na mkononi alivaa saa ndogo ya kike. Mimi chini ya kucha zangu kulikuwa na wekundu wa dawa ya mbegu, ambao hautoki hata ukisugua kwa majivu. Nikaificha mikono nyuma kama mtoto aliyeiba sukari.

"Karibu ndani," nilisema. "Angalia jiwe."

"Nimeshaliona. Aliniambia."

Felician Hhando alikuwa fundi wa kombaini kwenye mashamba ya ngano ya serikali. Mimi nilikuwa karani wa ghala la mbegu, na ndiko tulikojuana. Wajomba zake walipokuja kutoka kijiji cha Daudi na mtamba mweusi mwenye baka jeupe kifuani, baba alimpokea, na siku hiyohiyo Felician akaniambia kwamba amechaguliwa kwenda Kanada mwaka mmoja kusomea injini. Mwaka ule ulikuwa haujaisha tulipopata habari kwamba moyo wake umevimba na kulegea, kwamba hauwezi tena kazi yake, na kwamba madaktari wamemfunga kwenye mashine ya kumsukumia damu mpaka upatikane moyo mwingine. Tangu hapo nilipata barua tatu. Maneno yalikuwa yake. Mwandiko haukuwa wake. Ulikuwa mwandiko wa mviringo, wa kike, wenye herufi zilizolala upande mmoja kama ngano iliyopigwa na upepo.

Sasa mwenye mwandiko alikuwa ameketi kwenye kiti chetu.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu baba yangu, Mzee Yoakimu Margwe. Mama akamletea maziwa kwenye kikombe cha wageni. Getruda alieleza kwamba kwao ni Bukoba, kwamba wizara ilimpeleka Kanada kwa masomo, na kwamba wodini walimwita siku ya kwanza kwa sababu mgonjwa mmoja Mtanzania, homa ilipompanda, alikuwa akisema Kiswahili tu. Alikuja likizo kumwona dada yake Singida. Trekta lingempitia saa kumi, na Jumatano angepanda ndege.

"Huyo kijana," baba aliuliza, "moyo wake uko wapi sasa?"

"Upo palepale, baba, ila hauna nguvu. Pampu inausaidia."

"Na huo mwingine utatoka kwa nani?"

"Kwa mtu aliyefariki, ambaye ndugu zake wameridhia. Lazima awe wa umbo lake na damu inayokubaliana na yake. Ndiyo maana anasubiri."

Baba aliweka kikombe chini. Nilijua anachofikiri, maana alikuwa amekisema mara nyingi tangu barua ya kwanza. Kwa wazee wetu, mtu aliyeguswa na kifo alikaa peke yake, na moto wake na chungu chake, mpaka siku zake ziishe. Walikuita huko kujitenga metimani. Siku za metimani huisha. Lakini mtu mwenye kitu cha marehemu ndani ya kifua chake, siku zake zitaisha lini?

"Mimi ni Mkristo," baba alisema taratibu. "Nasali kila Jumapili. Ila maiti ni maiti."

"Mzee Yoakimu," mama alisema, "mgeni hajamaliza maziwa."

Getruda akafungua mkoba wake akatoa kaseti. "Amerekodi upande mmoja," alisema. "Mkono wake unatetemeka kuandika, akasema afadhali mumsikie."

Baba alileta redio kaseti yake, ile ya kusikilizia matangazo ya vifo. Betri zilikuwa zimeshinda juani dirishani ili zipate nguvu kidogo. Nikaitia kaseti, nikabonyeza.

Kwanza hakukuwa na mtu. Kulikuwa na mlio tu. *Tak*, halafu *shuuu*. *Tak*, *shuuu*. Mama alitazama mlangoni, akidhani kuna mtu anatwanga.

Kisha sauti yake ikaja, nyembamba kuliko nilivyoikumbuka. "Shikamoo Baba Yoakimu. Shikamoo Mama Bernadina. Kornelia, hujambo. Huo mlio mnaousikia ni mimi. Msicheke. Ni kama pampu ya dizeli, basi. Wameiweka tumboni, bomba linatokea ubavuni, linaungana na mashine kubwa kama kabati la vyombo, ina magurudumu. Nikienda chooni naenda nayo. Nikitaka kutazama theluji dirishani, tunakwenda wote wawili kama ng'ombe na trela. Usiku wa kwanza sikulala. Fundi ukisikia injini inalia ndani yako mwenyewe, unabaki kusubiri ibadilishe mlio."

Nilitabasamu. Nilisogeza kiti karibu na redio. Na hapo, nyuma ya sauti yake, mwanamke akacheka.

"Nirudie tena?" mwanamke yule alisema ndani ya kaseti. Halafu akaanza kuhesabu kwa Kiiraqw chetu, kwa ulimi mzito: "Wak. Tsar. Tam. Tsiyahh. Kooan." Na baada ya tano, akagonga ulimi kwenye kaakaa. *Tok*.

"Karibu sawa," Felician alisema, naye anacheka. "Ulimi ugonge zaidi."

Mkono wangu ulizima redio kabla sijauambia.

Ile *tok* ilikuwa yangu. Bibi yangu alinifundisha nikiwa mdogo, tukichunga mbuzi. Alisema kitu kilicho hai hakihesabiwi moja kwa moja mpaka mwisho, maana ukikifikisha mwisho umekiitia mwisho wake. Unahesabu tano, unagonga ulimi, unaanza upya. Nikakua nayo. Nilipoanza kazi ghalani nilihesabu magunia ya mbegu vilevile, maana mbegu nayo ni hai. Wenzangu walinicheka. Felician hakucheka. Siku ya kwanza alisimama mlangoni na karatasi yake ya kuchukulia mbegu, akasikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Rudia, nimepotea," na mimi nikarudia, mara tatu, mpaka nikaelewa kwamba hakuwa amepotea kabisa.

Tangu siku ile kitu kile kilikuwa chetu wawili tu. Na sasa kilikuwa kinywani mwa mwanamke mwenye saa ya kike.

"Mbona umezima?" mama aliuliza.

"Betri," nilisema. Nikasimama. "Baba, ulisema jirani yetu Bura anakwenda Daudi Jumanne?"

"Anakwenda."

"Basi mtamba aende naye."

Kwa miezi minane nilikuwa nimelia, nimesusa kula, nimegombana na baba ili tu neno hilo lisitamkwe: mtamba arudi, posa ivunjike. Na sasa nililitamka mimi. Baba alinitazama kama mtu aliyesukuma mlango kwa nguvu akakuta uko wazi.

"Umesema mwenyewe," alisema. "Si mimi." Akachukua fimbo yake akatoka.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma mpaka kwenye ghala letu dogo la mahindi. Hatua za Getruda zilinifuata. Vile viatu vilikuwa vimeharibika tayari, na nilifurahi.

"Dada Kornelia."

"Sina mdogo wala mkubwa kutoka Bukoba."

"Sawa. Kornelia. Hukumaliza kusikiliza."

"Nimesikia ya kutosha. Umefundishwa vizuri. Bado ulimi tu." Nikageuka. "Nieleze basi, sista, na hiyo nayo ni kazi ya nesi? Barua zangu unaandika wewe. Jiwe letu unalijua wewe. Na namba za bibi yangu unazo wewe. Nini changu ambacho hujakipata? Sema nikakupakie kwenye gunia uondoke nacho saa kumi."

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Aliegemea nguzo ya ghala akavua viatu, akabaki pekupeku kwenye tope.

"Mwezi wa kumi na mbili kulikuwa na dhoruba ya theluji," alisema. "Umeme ulikatika. Mashine ile ina betri yake, lakini siku hiyo ilizima. Kukawa kimya. Wewe umesikia ule mlio leo tu. Mimi nilikuwa nimeuzoea, na siku ulipokoma nilihisi kama nimeziba masikio. Nilikuwa peke yangu naye chumbani."

Nilishika nguzo ya pili ya ghala.

"Kuna pampu ya mkono. Felician anasema inafanana na ile ya kutolea hewa kwenye injini ya trekta. Unaichomeka kwenye bomba, unabonyeza, unaachia, unabonyeza, unaachia. Ukikaza mbio unaharibu. Ukichelewa, midomo yake inabadilika rangi. Nilibonyeza dakika thelathini na nane, mpaka walipoleta mashine nyingine kutoka jengo la pili."

Alinyoosha kiganja chake cha kulia. Katikati kulikuwa na kovu dogo, la mviringo.

"Dakika za mwanzo nilikuwa naogopa na mkono ulienda ovyo. Yeye ndiye aliyenituliza. Akasema, hesabu. Nikahesabu kwa Kiswahili. Nilipofika arobaini akanishika gauni, akasema, usiende mpaka mwisho. Kwetu kitu hai hakihesabiwi mpaka mwisho. Hesabu tano, gonga ulimi, anza tena. Nikamwuliza nani anahesabu hivyo. Akasema, Kornelia, na magunia yake. Akafumba macho. Akasema, nihesabie kama yeye. Kwa hiyo nikahesabu kama wewe. Sikujua hata unafananaje."

Upepo ulipita kwenye minyaa. Nilitaka kulia, lakini wivu haukubali kutoka kwa machozi. Ulibadilika tu, kama maziwa yanavyoganda. Sasa sikuwa namwonea wivu kwa ajili ya kicheko kile. Nilimwonea wivu kwa ajili ya kovu lile. Mimi niliyeahidiwa moyo wa Felician sikuwahi kuusikia ukipiga hata mara moja, na yeye alikuwa ameushika kiganjani dakika thelathini na nane.

"Unampenda," nilisema.

Alichelewa kujibu, na kwa kuchelewa kwake nikamheshimu.

"Kuna wiki nilidhani hivyo. Ukimshikia mtu uhai wake hivyo, hutoki mtupu. Nikaanza kuvaa vizuri kwenda kazini. Nikaanza kukaa baada ya zamu yangu. Yeye akiniona nimekaa ananiambia, chukua kalamu, tumwandikie Kornelia." Alicheka kidogo, bila furaha. "Barua zako tatu, dada, kila moja niliiandika nikiwa na hasira na wewe. Nilijiuliza ana nini huyu karani."

"Ana kucha nyekundu," nilisema, nikamwonyesha mikono yangu.

"Hilo nalijua pia. Aliniambia."

Tukatazamana, na hapo ndipo nilipocheka, kicheko kibaya kilichochanganyika na kamasi. Naye akacheka. Lakini sikumsamehe. Niseme ukweli, sikumsamehe siku ile.

Tulirudi ndani. Mama alikuwa ameshazisugua betri kwa kanga yake. Nikabonyeza tena.

*Tak, shuuu.* Felician aliendelea pale nilipomkata. Alisema ameanza kumfundisha nesi kuhesabu sawasawa, asije akakosea mashine ikizima tena. Alisema akipata moyo mwingine itambidi akae karibu na madaktari mwaka mzima, na anywe dawa maisha yake yote. Alisema amesikia kwa wajomba zake maneno ya baba kuhusu metimani, na hamlaumu.

"Kornelia," alisema. "Sikufungi. Huenda nikafa kabla ya moyo huo kufika, huenda nikaurudisha mwili huu nyumbani na baba asinikaribishe kwenye moto wake. Upande wa pili wa kaseti hauna kitu. Niambie kwa mdomo wako. Kama ni hapana, sema hapana, nitaisikia nikiwa nimekaa. Ila usininyamazie. Siwezi kusubiri mambo mawili kwa wakati mmoja."

Kaseti ikaendelea na mlio wa pampu peke yake mpaka ikakatika.

Mama alijifuta macho. Mlangoni, baba alikuwa amesimama na fimbo yake. Sikujua amesimama pale tangu lini.

"Saa ngapi, sista?" niliuliza.

"Saa tisa na robo."

"Kaseti hii ni ya dakika ngapi?"

"Nusu saa kila upande."

"Na redio ya wodini inatumia umeme?"

"Kuna ndogo ya betri, ya kwangu." Kisha akaelewa. Nilimwona akielewa, na nikaona pia kwamba kulimuuma kidogo, na hilo halikunihuzunisha.

"Ikizima tena," nilimwambia, "weka upande wa pili. Mkono utakuwa wako, sina la kufanya. Lakini usihesabu tena kwa ulimi wako. Sauti itakuwa yangu."

"Ukihesabu haraka sana utamuua."

"Basi nionyeshe mwendo."

Getruda akaketi mbele yangu. Alinishika mkono, ule wenye wekundu, akauweka juu ya goti lake, akaanza kubonyeza kiganja changu kwa kidole gumba. Bonyeza, achia. Bonyeza, achia. Ndivyo nilivyojua kwa mara ya kwanza moyo wa mwanamume wangu unavyokwenda, kwa kidole cha mwanamke niliyemchukia saa moja iliyopita. Ulikwenda taratibu kuliko nilivyodhani. Ulikwenda kama mtu anayepanda mlima Hanang na mzigo, ambaye hataki kusimama.

Niligeuza kaseti. Nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kile chekundu cha kurekodia na kile cha kuchezea.

"Felician," nilisema. Nilikuwa na maneno ya miezi minane, na yote yalikimbia kama mbuzi walioona fisi. "Felician, jibu ni ndiyo. Hata ukirudi na moyo wa Mkanada. Ukiwa haunijui, nitaufundisha kuhesabu."

Wakati huo huo mtamba akalia huko nje, mlio mrefu wa kudai maji yake niliyoyakatiza. Niliinua mkono kuzima redio nianze upya.

"Acha," baba alisema kutoka mlangoni.

Niligeuka. Mkanda ulikuwa unazunguka.

Baba aliingia hatua mbili, akainama juu ya redio kama anavyoinama kanisani, akasema kwa sauti ya kumsemesha mtu aliye ng'ambo ya bonde: "Hhando. Huyo unayemsikia analia ni mtamba wako. Bado yuko kwangu." Akaiegemea fimbo yake. "Moto nitauwasha mimi mwenyewe. Wewe njoo."

Akatoka kwenda kumpa ng'ombe maji.

Getruda hakuacha kubonyeza kiganja changu. Alikuwa ameinamisha uso, sikuuona. Nilivuta pumzi, nikasubiri kidole chake kishuke, nikaanza.

"Wak. Tsar. Tam. Tsiyahh. Kooan." *Tok*.

Na kabla sijafika mwisho, nikaanza upya.